Hilux ya shemeji, tanki la lita 140, na nguvu iliyokuwa inaishia mlimani

Gari ni Hilux Vigo dabo kebini, injini ile ya 1KD ya dizeli cc 3000, ya shemeji yangu yuko Sumbawanga, kazi yake kufunga na kutengeneza pampu za maji za sola vijijini, kwa hiyo anazunguka kweli kweli, leo yuko Muze kule bonde la Rukwa, kesho kutwa yuko Kasanga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akitoka hapo anaingia vijiji ambavyo sheli hakuna kabisa, dizeli utaipata kwa mwenye mashine ya kusaga, anakupimia kwenye dumu na hujui imekaa kwenye pipa tangu lini. Tanki la kiwandani la hii gari ni lita 76. Ikiwa na mzigo kwenye barabara za vumbi inaenda kama kilomita 9 kwa lita, sasa ukiacha lita chache za akiba chini unabaki na kilomita 600 na kitu, ambazo kwa mizunguko yake haziwatoshi yeye na wateja wake.

Miaka yote alikuwa anatembea na madumu ya lita 20 nyuma kwenye bodi, yamelala pamoja na paneli na waya za watu. Dumu likianza kuvuja mfuniko mzigo wote unanuka dizeli, na siku ikitokea ajali unajua mwenyewe kilichopo nyuma yako. Mi nilikuwa nasumbuka sana na hilo jambo kuliko hata yeye. Kwa hiyo aliposema anataka tanki kubwa moja badala ya madumu nilifurahi, ni uamuzi sahihi, tena hata kibei unasaidia, maana bei kikomo za EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, zinatoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na zinatofautiana wilaya kwa wilaya kulingana na umbali kutoka bandarini, mtu mwenye tanki kubwa anachagua ajazie wapi, hanunui kwa kulazimika porini.

Kwanza kabisa welda mmoja wa mjini alimwambia nakukunjia tanki la bati la lita 150, siku mbili umepata na bei poa. Hapo nilikataa kwa nguvu zote. Bati linalopatikana kirahisi mtaani ni lile lililopakwa zinki, na zinki na dizeli hazipikiki chungu kimoja, zinki inayeyuka taratibu kwenye mafuta inatengeneza aina ya sabuni ya chuma, ile inasafiri mpaka kwenye nozeli, vile vinavyopulizia mafuta ndani ya injini, inaganda huko. Injini ya zamani ingevumilia kidogo, hii ni komoni reli, yaani bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, mafuta yanasukumwa kwa presha ya zaidi ya baa 1,300 kupitia nafasi za mikroni chache tu, uchafu ambao macho hayauoni unatosha kuiua nozeli. Halafu tanki la kukunja mtaani mara nyingi halina kuta za ndani, ukikata kona mafuta yote yanakimbilia upande mmoja, gari inayumba na mrija wa kunyonya unabaki hewani. Shemeji akaelewa, akaagiza tanki la nje lililotengenezwa kwa ajili ya Vigo, la chuma kilichopakwa alumini, lita 140, lenye kuta za ndani na masikio yanayokaa kwenye matundu yale yale ya chesisi. Limekuja na mzigo wa watu kupitia Dar.

Kazi wakaifanyia nyumbani kwake, uani chini ya mparachichi, yeye na fundi anayemwamini. Na nataka niseme wazi kwamba sehemu kubwa walifanya vizuri kuliko gereji nyingi. Walisubiri tanki la zamani likaribie kuisha ndo wakanyonya yaliyobaki kwa pampu ya mkono, wakachomoa waya wa hasi wa betri, gari wakaiweka juu ya stendi siyo jeki tupu, magogo kwenye matairi. Kufanyia nje ni sawa pia, dizeli siyo petroli, mvuke wake hauwaki mpaka ipate joto la nyuzi 50 na zaidi wakati petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali, lakini bado hutaki mtu na sigara pale. Kama gari yako ni ya petroli hiyo kazi ya uani sikushauri hata kidogo.

Tanki jipya wakalisuuza kwa dizeli safi, wakatoa chenga za chuma zilizobaki kiwandani, hili watu wengi wanaliruka. Floti, kile kiboya kinachoendesha geji ya mafuta, na mrija wa kunyonya wakavihamisha kutoka tanki la zamani wakaweka gasketi mpya, mpira wa kwenda na mpira wa kurudi wakaufunga tepu za rangi tofauti wasije wakachanganya. Kuna sikio moja lilikuwa halikai sawa na tundu, jirani akashauri waliguse kidogo na moto wa welding wakati tanki tayari limesuuzwa kwa dizeli. Fundi akakataa, akatanua tundu la kibano kwa tupa. Mungu ambariki yule fundi. Tanki lililogusana na mafuta likipata joto la kuchomelea ile dizeli kidogo iliyobaki kwenye kona inageuka mvuke, na mvuke ndani ya chombo kilichofungwa haukupi nafasi ya pili.

Wakalipandisha na jeki juu ya kipande cha ubao, wakafunga bolti, wakapampu kile kipampu cha mkono juu ya filta mpaka kikawa kigumu, gari ikawaka. Mpaka hapo kila mtu anacheka.

Tatizo la kwanza lilitokea sheli. Tanki tupu la lita 140, muuza mafuta anabonyeza, bomba linakata tap, anabonyeza tena, linakata, mpaka kufika lita 90 hivi watu kwenye foleni wameshaanza kupiga honi. Shemeji akadhani ni bomba la ile sheli, akaenda nyingine, hali ile ile. La pili ndo lilimtisha. Akishuka Kasanga gari iko safi, akigeuza kurudi, mwanzo tu wa kupandisha, nguvu inakata, unakanyaga mafuta gari haijibu, taa ya injini inawaka, moshi hakuna. Akisimama akizima akakaa, ikiwaka inatembea kidogo halafu inarudia. Akanipigia, "Shem, gari inanifia mlimani, nimebadilisha filta mbili sasa."

Akaipeleka gereji moja, wakapachika mashine wakasoma kodi P0087, maana yake presha ya reli iko chini, wakamwambia nozeli zimekufa zote nne pamoja na pampu ya presha, wakataja mamilioni. Kodi walisoma sawa, sibishi. Shida yangu ni kwamba hakuna aliyemuuliza swali la kwanza kabisa ambalo linatakiwa kuulizwa, nini kimebadilishwa kwenye hii gari kabla tatizo halijaanza? P0087 inakwambia presha haifiki, haikwambii mafuta yamekwama wapi njiani.

Nilipofika nikamuuliza vitu viwili tu. Tatizo linakuja mapema tanki likiwa fulu au likiwa nusu? Akafikiria akasema likiwa fulu, tena yeye alikuwa anaamini uzito wa mafuta ndo unailemea gari. Na ukifungua mfuniko wa mafuta unasikia nini? Akasema unafanya fyooo kwa muda mrefu, halafu chini kunalia ko! Hapo kwangu kesi ilikuwa imeshafunguka nusu.

Angalia inavyokuwa. Injini ikinyonya lita moja ya dizeli lazima lita moja ya hewa iingie kwenye tanki kujaza nafasi, kama haiingii, hewa iliyomo inatanuka na presha ndani inashuka. Ni ile ya mtoto kufyonza maji kwenye chupa laini ya plastiki bila kuachia mdomo, chupa inakunjana na maji yanagoma. Sasa tanki likiwa fulu hewa ya juu ni kidogo, tuseme lita 5, ukichoma lita moja tu zile lita 5 zinatakiwa kujaza nafasi ya 6, presha inashuka karibu sehemu moja ya sita. Likiwa nusu una lita 70 za hewa, ukichoma lita moja mabadiliko hayafiki hata asilimia mbili. Ndo maana likiwa fulu linasumbua mapema. Kama ni nozeli zilizokufa zingejuaje tanki limejaa au la?

Na kuna jambo lingine la kule kwao ambalo mtu wa Dar hawezi kukutana nalo. Sumbawanga iko juu kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Hewa ya chini ni nzito zaidi, tofauti inafika kama baa 0.1. Ukifunga tanki kule juu likazibwa kabisa, ukashuka nalo mpaka ziwani, hiyo tofauti peke yake imeshakuongezea mkandamizo kutoka nje kabla hujahesabu mafuta uliyochoma njiani. Baa 0.1 inasikika ndogo ila kwenye eneo la mita moja ya mraba ni sawa na kubebeshwa kilo 1,000. Ile ko! ni bati la tanki linarudi kwenye umbo lake baada ya kubonyezwa. Wakati wa kushuka injini haihitaji mafuta mengi kwa hiyo hausikii kitu, ukianza kupanda na mzigo ndo pampu inadai mafuta, na Vigo hii haina pampu ya umeme ndani ya tanki ya kusukuma, mafuta yote yananyonywa kutoka mbele na pampu iliyoungana na ile ya presha. Ikishindwa kunyonya, reli inakosa presha, kompyuta inapunguza nguvu kujilinda, taa inawaka.

Tukajaribu. Tanki chini ya nusu ili yasimwagike, mfuniko tukauachia haujakaza, tukapanda kilima kile kile kinachomsumbua na mzigo wake nyuma. Gari ikapanda bila kusita. Tukafunga mfuniko, tukazunguka nayo kwa muda, tukarudi pale, ikaanza kuvuta vuta. Mfuniko ukaachiwa tena, ikapona. Kipimo cha bure kabisa, na ndicho kilichotakiwa kufanywa kabla ya mtu kutaja neno nozeli. Gari ingekuwa bado inakatika hata mfuniko ukiwa wazi, hatua inayofuata ingekuwa kuinywesha kutoka dumu safi lililowekwa karibu na injini, ukiruka tanki lote, hapo unajua ugonjwa uko nyuma au mbele.

Kutafuta ulipoziba ndo tukafanya kitu ambacho ningependa kila anayefunga tanki kubwa akifanye mwanzoni. Tuliinua bodi. Watu wanaogopa lakini bodi ya Hilux imefungwa na bolti chache kwenye chesisi, unachomoa soketi ya taa za nyuma, waya wa athi, zile skrubu za mdomo wa mafuta, unaita vijana sita wa mtaani wanaibeba pembeni, hata jasho halijawatoka. Ukishaitoa, tanki lote liko mbele yako, mipira yote unaiona kwa macho badala ya kupapasa kwa vidole ukiwa umelala mgongo chini.

Tukakuta mambo mawili tofauti, na kila moja lilikuwa na dalili yake. La kwanza ni kale kampira kembamba ka kupumulia, kanatoka juu ya tanki kanapanda. Tanki jipya lina kimo kuliko la zamani, mgongo wake unakaribia kabisa mwamba, kile chuma cha kukingama chini ya bodi, na wakati wanalipandisha na jeki kampira kalilala katikati ya tanki na mwamba, kakakunjwa kakabanwa bapa. Nikachomoa ncha nikapuliza, hakuna kitu kinachopita. Alama ya kutu ya ule mwamba ilikuwa imejichora kwenye mpira, mstari mmoja wa rangi ya kahawia, unaona kabisa ulikandamizwa wapi. La pili ni mpira mnene wa hewa, ule unaotoka kwenye tanki kurudi pembeni ya mdomo wa kujazia, ulikuwa mrefu kuliko unavyotakiwa, ukaning'inia ukafanya tumbo kwa chini. Kwenye lile tumbo kulikuwa na dizeli imetulia. Mafuta yanapoingia hewa inatakiwa kutoka kwa njia hiyo, inakutana na dizeli imeziba, inashindwa, mafuta yanarudi juu mdomoni yanafunika kile kitundu kidogo kwenye ncha ya bomba la sheli, na bomba likizibwa kile kitundu linajikata lenyewe. Muuza mafuta hana kosa, bomba halina kosa.

Swali likabaki moja, mbona magari mengi kampira ka kupumulia kanaziba na hayafi hivi? Jibu liko kwenye mfuniko. Mifuniko mingi ya kiwandani ina vali ndogo, presha ndani ikishuka sana inaachia hewa iingie. Wa shemeji ulishaibiwa zamani, akanunua wa kufuli sokoni, mzuri, mzito, unaziba kabisa, vali hauna. Alitembea nao kwa muda mrefu na tanki la zamani bila shida kwa sababu kampira kalikuwa kazima. Kwa hiyo mfuniko peke yake haukuwa tatizo, kampira peke yake pengine kangemsumbua kidogo tu, viwili vikikutana gari inakatika mlimani. Ndo maana nasema siyo haki kumlaumu fundi kwa ukali, yeye alifunga tanki na mfuniko hakuugusa.

Kurekebisha hakukuwa na maajabu. Kampira ka kupumulia tumeweka kapya ka mafuta, siyo ka maji, maana mpira wa maji dizeli inauvimbisha unalainika, tukakapitisha pembeni mwa mwamba na kukafunga juu zaidi ya mdomo wa kujazia ili vumbi na maji ya mito visiingie. Mpira mnene tukaukata mpaka ukawa unapanda moja kwa moja kutoka tanki kwenda mdomoni bila kushuka popote. Mfuniko tumetafuta wenye vali na kufuli, upo, ila usinunue bila kujaribu, unaweka mdomo kwa upande wa ndani unanyonya, ukipitisha hewa ni wenyewe. Tukahakikisha tanki halijakaribia ekzosti wala propela shafti, difu ikipanda na kushuka kila kitu kina nafasi, na kebo ya hendibreki haisuguani na pembe ya tanki. Kodi ikafutwa, haijarudi. Mamilioni ya nozeli yamebaki mfukoni, na ile pampu ya presha imepona pia, maana inalainishwa na dizeli yenyewe, ukiendelea kuinyima mafuta kwa miezi ndo unaiua kweli.

Baada ya hapo ikabaki geji. Floti ni ile ya zamani, tanki jipya lina kina kingine, kwa hiyo sindano inasimama F kwa muda mrefu sana halafu ikianza kushuka inashuka haraka. Tulipima kwa kujaza lita kumi kumi kutoka tanki tupu tunaandika sindano iko wapi, karatasi imebandikwa nyuma ya kioo cha jua. Taa ya akiba inawaka zikiwa zimebaki kama lita 25, ni vizuri, afadhali iwahi kuliko ichelewe. Kuna watu wanakunja mkono wa floti ili sindano iwe sahihi, inawezekana, ila ukikosea kidogo inagusa ukuta wa ndani inanasa, shemeji kachagua karatasi.

Uzito nao usiudharau. Dizeli ni kama kilo 0.84 kwa lita, lita 140 ni karibu kilo 118 na zote ziko upande mmoja wa gari, nyongeza kutoka tanki la zamani ni zaidi ya kilo 50 bado hujaweka chuma chenyewe. Hizo zinatoka kwenye mzigo unaoruhusiwa kubeba, siyo za bure. Springi za upande ule zilikuwa zimeshachoka, gari ikawa inainama kidogo ikiwa fulu, ameongeza jani moja. Bima pia kawaambia kwamba tanki limebadilishwa, hilo nilimsisitiza mwenyewe kwa sababu siku ya madai hutaki mkaguzi ndo awe wa kwanza kuligundua.

Sasa hivi akijaza Sumbawanga ana zaidi ya kilomita 1,100 kabla hajafikiria sheli, madumu yametoka kwenye bodi, na anashuka Kasanga anarudi. Bolti za tanki zilikazwa upya baada ya safari ya kwanza ndefu ya makorongo, na mbili kweli zilikuwa zimelegea, kwa sababu raba zinazokaa kati ya tanki na chesisi zinajibana zikipata uzito, kwa hiyo ukifunga la kwako pita na spana tena mapema, tanki likiwa fulu.